Volti Tano Juu ya Nini

Mkono umegoma.
Vidole viwili vya plastiki, vilivyochapwa usiku kucha
na mashine ya shule inayokoroma,
vimeachama juu ya sahani ya viazi
kama mdomo wa mtu aliyesahau jina.

Saa nne usiku, Oruro.
Dirisha limeota barafu kwa ndani.
Eliseo amevaa glavu alizokata ncha,
mimi nimejitanda blanketi la mama,
na Titi, roboti yetu, ambayo kesho
itatenga viazi vibovu na vizima mbele ya majaji watatu,
hata ukucha haitikisi.

Tulianza na lawama.
Mimi: programu yako.
Yeye: uchomeleaji wako.
Akasoma mistari yake kwa sauti, kidole kwenye kioo:
nyuzi sifuri, ngoja, nyuzi tisini, ngoja.
Hakuna kosa.
Nikavuta kila waya niliouchomelea.
Umeng'ang'ania kama kupe.

Tukabadilisha mota. Ile ya akiba nayo kimya.
Basi mota haina hatia; nikairudisha ya kwanza,
nikazungusha gia zake kwa mkono, taratibu,
meno yakalia krr, krr, mazima yote.
(Mwalimu Hortensia alitukataza: mtayavunja.
Mwalimu Hortensia alikuwa amelala.)

Betri: volti sita na ushei.
Bodi: volti tano, safi.
Waya mwekundu unaleta chakula, wa njano unaleta habari.
Mota imeshiba, imeambiwa la kufanya,
na haifanyi.
"Kama kaka yangu," akasema Eliseo,
tukacheka mpaka pumzi zetu zikawa mawingu mezani,
kisha tukaacha,
maana kaka yake yuko mgodini Huanuni
na hajapiga simu tangu Jumapili.

Nikakaa sakafuni.
Ukutani, chini ya ramani iliyopauka,
mwanafunzi fulani wa zamani aliandika kwa rangi ya nyumba:
TUKO MITA ELFU TATU NA MIA SABA.
Nikiwa darasa la tano niliuliza, juu ya nini?
Juu ya bahari, nikajibiwa.
Bahari nisiyoijua, ambayo nchi yangu haina tena,
na bila hiyo namba ile ingekuwa kelele tu.

Volti tano.
Juu ya nini?

Betri ina sifuri yake. Bodi ina sifuri yake.
Kila moja inahesabu kutoka sakafu yake,
na mota katikati inaambiwa tano, tano, tano,
mara hamsini kila sekunde,
haina pa kusimama ili ijue tano ni ngapi.
Mvua inanyesha kwenye bati la jirani.

"Ardhi," nikasema. "Eliseo, hatukuunganisha ardhi."
Hakujibu. Alishaanza kumenya kipande cha waya kwa meno.
Mweusi, sentimita nane, pengine tisa.
Ncha moja kwenye hasi ya betri,
ncha ya pili kwenye tundu la ardhi la bodi.

Titi ikatetemeka kama mtu aliyemwagiwa maji,
ikazunguka nyuzi tisini, ikafumba vidole,
ikanyanyua kiazi,
tena kile kizima, tulichokipigia mstari kwa kalamu,
ikakidondosha ndani ya chai ya Eliseo.

Hakuna aliyeomba radhi kwa yale ya mwanzo.
Eliseo alijipangusa, akaniomba simu, yake haina salio,
akatoka nayo koridoni.
Kutoka ndani niliisikia ikiita.
Mimi nikauzungushia waya mweusi utepe,
mara moja, mara ya pili,
halafu, kwa kuwa ilikuwa bado inaita,
mara ya tatu.